Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mgonjwa wa moyo wa kurithi ana ndugu

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: KUPIMWA KWA NDUGU WA WAGONJWA WA MOYO WA KURITHI



Nakuandikia nikiwa mgonjwa, na nikiwa mtu wa ukoo uliozika vijana wengi kuliko kawaida. Ugonjwa wetu ni ule wa msuli wa moyo kuwa mnene kupita kiasi, pasipo presha wala valvu mbovu ya kuusababisha. Ni wa kurithi. Mzazi mwenye nao anaweza kumpa kila mtoto anayemzaa, wa kike na wa kiume sawasawa, na uwezekano ni nusu kwa nusu. Ombi langu ni moja: daktari akishaugundua kwa mtu mmoja, ndugu zake wa damu waulizwe na wapimwe hata kama hawana dalili yoyote, na bima ilipie.

Kabla hatujaujua ugonjwa huu, tulikuwa tumeshajipatia maelezo yetu. Baba mdogo alianguka shambani na jembe mkononi, hajafika hata miaka 40. Miaka michache baadaye akaanguka mtoto wa shangazi, mwanafunzi wa sekondari, katikati ya mazoezi ya mbio. Wote wawili walikuwa na nguvu zao na hawakuwahi kulazwa. Kijijini kwetu kifo cha namna hiyo hakipiti hivi hivi; lazima kuna mkono wa mtu. Mkono ukatafutwa, ukaonekana ni wa bibi mmoja wa ukoo wetu, mjane asiye na mtoto wa kumtetea. Watoto tukakatazwa kula kwake. Kwenye misiba alikaa peke yake upande wa migomba. Mpaka uzeeni alikuwa akiteka maji alfajiri, kabla wenzake hawajafika kisimani, ili asikutane na macho yao. Alifariki kabla kipimo hakijamsafisha. Mheshimiwa, naomba na hilo lihesabiwe kati ya hasara za ugonjwa usiopimwa, kwa sababu halimo kwenye takwimu zozote za wizara.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kuishiwa pumzi nikipanda mlima kwenda shuleni ninakofundisha. Kwanza niliambiwa ni pumu. Baadaye ikawa mawazo, kwamba walimu tuna mikopo mingi. Hospitali moja walinipima, wakaona moyo una msuli mnene, wakasema ni presha ya muda mrefu. Nikapewa amlodipini na dawa ya kupunguza maji mwilini. Dawa hizo ni nzuri na zimeokoa maisha ya wengi. Lakini kwa baadhi yetu wenye ugonjwa huu, ukuta ulionenepa unaziba njia ya damu kutoka kwenye moyo, na dawa inayotanua mishipa au kukausha maji mwilini inazidisha kuziba huko. Nilipozimeza hali yangu ikawa mbaya zaidi. Siku moja nilizimia mbele ya darasa nikiwa na chaki mkononi. Wanafunzi wangu ndio walionibeba.

Rufaa ilipokuja kupatikana, nilikutana na daktari bingwa wa moyo jijini Dar es Salaam. Aliangalia kipimo cha Echo, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kwa muda mrefu, akageuza fomu ya zamani upande usioandikwa na kunichorea moyo kwa kalamu ya wino. Akaweka alama kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini. "Huu wa kwako una milimita 21," akasema. "Wa mtu mwingine hauzidi 12." Akaeleza kwamba moyo wangu ni kama chumba ambacho fundi ameongeza tofali kwa ndani: kwa nje nyumba ni ileile, lakini ndani hakuna pa kukaa. Akaniachisha zile dawa, akanianzishia ya kutuliza mapigo, ya kundi moja na propranololi na atenololi. Akanionya nisikae na kiu, nisijitie kwenye mbio za ghafla, na nimwambie kila daktari nitakayekutana naye nina ugonjwa gani kabla hajaniandikia chochote. Mlima wa shuleni sasa naupanda, polepole. Ile karatasi ninayo hadi leo, na sijawahi kupata somo la sayansi lililo bora kuliko lile.

Kisha akaniuliza nina watoto wangapi, nina ndugu wangapi wa tumbo moja, na kama kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana. Nilipomtajia baba mdogo na mtoto wa shangazi, aliweka kalamu chini. "Walete wote wapimwe," akasema.

Hapo ndipo mambo yalipokwama, Mheshimiwa, na hapo ndipo ninapoomba mkono wako. Daktari anajua la kufanya ila mfumo hauna mahali pa kuliandika. Ngazi yetu ya rufaa, kuanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa hadi ya kanda, imejengwa kwa ajili ya mtu anayeumwa. Mwanangu wa kwanza haumwi. Anacheza mpira, anakula vizuri. Mganga wa zahanati ataandika dalili gani kwenye fomu yake? Asiye na dalili hapati rufaa, na asiye na rufaa hana kipimo ambacho bima italipa. Kwenye dirisha la bima tuliambiwa kwa upole kabisa kwamba kadi ni ya matibabu, si ya kujihakikishia. Tukauza mahindi, tukampima huyo mkubwa. Mdogo wake anasubiri mavuno mengine. Kaka na dada zangu, wenye watoto wao, hawajapimwa hata mmoja.

Huenda ukaambiwa kwamba huu ni ugonjwa wa watu wachache. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995, uliopima vijana weusi na weupe zaidi ya 4,000 kwa Echo, ulikuta takriban mtu 1 kati ya kila 500 ana moyo wa namna hii. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Hata kama kwetu uwiano ungekuwa robo tu ya huo, bado tunazungumzia watu wapatao 30,000, na karibu wote hawajijui. Wapenzi wa soka wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara. Uchunguzi wa mwili wake ulikuta ugonjwa huu huu. Dunia nzima ilimwona akianguka. Wa kwetu wanaanguka kwenye viwanja vya shule na mashambani, na jioni yake tunaanza kuulizana nani alikuwa na chuki nao.

Kuna jambo moja ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hulichanganya. Huu si ule ugonjwa wa watoto wanaozaliwa na matundu kwenye moyo, ambao wananchi wanausikia mara kwa mara kambi za upasuaji zinapofanyika. Mtoto wetu anaweza kuzaliwa na moyo unaoonekana mzima kabisa, unene ukaanza kujitokeza anapobalehe. Kwa hiyo Echo moja safi akiwa na miaka 8 haitoshi. Miongozo ya kimataifa inataka vijana wa familia za namna hii wapimwe tena kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na watu wazima kila baada ya miaka 3 hadi 5. Mkulima wa mkoani hawezi kufuata ratiba hiyo kwa basi la kwenda Dar es Salaam.

Najua swali litakaloulizwa mezani kwako: kuna faida gani kuwapima watu ambao hatuna fedha za kuwatibu? Nimelitafakari sana, na kulijibu kwangu si kazi ngumu. Vidonge vinavyonifanya nisimame darasani ni vya zamani na vya bei nafuu, si dawa za kuagiza ng'ambo. Kumwambia mtoto asishiriki mbio za ushindani hakugharimu shilingi. Kuandika kwenye faili la mtu asipewe dawa zitakazomuumiza hakugharimu shilingi. Mjamzito akijulikana mapema ana ugonjwa huu, wakunga na madaktari wanajipanga naye, na wanawake wengi wenye ugonjwa huu hujifungua salama. Wanaohitaji upasuaji, au kile kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kushtua moyo mapigo yake yanapovurugika kwa hatari, ni sehemu tu ya wagonjwa wote. Hao nao hatuwezi kuwajua bila kuwapima wote. Wengi wetu tukipata uangalizi tunaweza kuishi hadi uzeeni.

Wala sikuombi jambo ambalo wizara yako haijui kulifanya. Mtu akikutwa na kifua kikuu, swali linalofuata ni nani analala naye nyumba moja. Kwenye virusi vya UKIMWI tunamuuliza mgonjwa kuhusu mwenza na watoto. Nchi yenye uzoefu wa kwenda hadi nyumbani kwa mgonjwa kutafuta waliokaa naye haiwezi kushindwa kuuliza kuhusu waliozaliwa naye. Tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na wataalamu wake wamekuwa wakija mikoani kwa tiba mkoba wakiwa na mashine zao. Naomba timu hizo zikija ziwe zimepewa majina ya familia zinazojulikana kuwa na ugonjwa huu katika mkoa husika, ziwapime ndugu hao, ziache kumbukumbu, na wanaofuata wajue waanzie wapi.

Naomba pia kila anayegunduliwa apewe barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ya kuwapelekea ndugu zake: ugonjwa ni upi, nani apimwe, aende wapi, dawa gani ziwe za tahadhari. Ripoti yangu ya Echo imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mimi mwalimu niliishindwa, sembuse kaka yangu anayechunga ng'ombe.

Kuhusu bima, Bunge limetunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na vitita vya mafao vinaweza kuangaliwa upya. Mstari mmoja utatosha: mzazi, mtoto na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa aliyethibitishwa walipiwe Echo na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, bila kudaiwa dalili.

Vipimo vya vinasaba sivifanyi sharti la leo, kwani Echo na ECG zinatosha kuanzia. Lakini msiviweke kando kabisa. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wenye asili ya Afrika waliambiwa wana kinasaba cha ugonjwa huu kimakosa, kwa sababu sampuli za watu weusi zilikuwa chache mno kwenye utafiti wa kulinganisha. Mwaka uliofuata Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town na wenzake walitangaza kinasaba cha ugonjwa mwingine wa moyo wa kurithi, baada ya kuifuatilia kwa miaka mingi familia moja ya Afrika Kusini. Familia za kwetu nazo zina mengi ya kuifundisha sayansi, zikipata wa kuzisikiliza.

Na kijana akifa ghafla, familia ishauriwe kwa heshima kuruhusu uchunguzi wa mwili, ufanyike haraka bila kuchelewesha maziko. Kwa ukoo wetu uchunguzi mmoja tu ungetosha.

Mheshimiwa, sisi hatukukaa kusubiri. Kwenye kikao cha ukoo cha mwaka huu tumeandika majina ya wote waliotokana na babu yetu, umri wao na vijiji wanavyoishi, na waliofariki ghafla tumewawekea alama. Tunaomba ofisi yako ituelekeze orodha hiyo tuipeleke kwa nani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Nyanda za Juu Kusini.