Bia Isiyobakiza Sukari

KATA MOJA, na Aikande Mosha

Chupa ya kwanza tuliiharibu kwa ubaridi. Mdogo wangu aliitoa kwenye friji ilikolala usiku kucha, akamimina, tukainywa kwa kiu ya Agosti: yeye, mimi na jirani yake, mtu wa Bukavu. Tukapata baridi na gesi, basi. Jirani akaweka glasi mezani. "Dada, hii wameisifia bure," akasema. Nikamwomba tusubiri kidogo kabla ya kufungua ya pili, tena hii tuiache nje, kivulini.

Tulikuwa Utica, jimbo la New York, mji uliopokea wakimbizi wengi kiasi kwamba Kiswahili cha Kivu na cha Burundi si kitu cha kukushtua sokoni. Bia yenyewe si ya mbali. Inatoka Cooperstown, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, kwenye kiwanda kinachoitwa Ommegang, nayo jina lake ni Hennepin. Wamarekani wameitengeneza kwa kufuata bia za shambani za Ubelgiji, zile zinazoitwa sezoni, yaani "msimu" kwa Kifaransa. Nilikuwa nimeisoma sana kabla ya kuionja. Nilikwenda na chupa yake, na chupa ya ile ya Ubelgiji inayohesabiwa kuwa ndiyo kipimo cha nyingine zote, Saison Dupont, ili nizinywe bega kwa bega.

Chupa ya pili ilipoacha kutoa jasho tukaimimina. Rangi ni dhahabu iliyofifia, na ukungu mwembamba ndani yake. Povu ni jeupe, zito, na kila bia inaposhuka linaacha duara kwenye kioo, ukihesabu maduara unajua umekunywa mafunda mangapi. Nikanusa. Likaja kwanza ganda la chungwa, hasa ule weupe wa ndani wenye uchungu. Ikafuata giligilani iliyopondwa sasa hivi, halafu kitu kama majani ya ng'ombe yaliyokatwa asubuhi yakaachwa juani mpaka mchana. Mdomoni inaanza kana kwamba itakuwa tamu. Kimea kinagusa ncha ya ulimi kama mkate mweupe. Mara utamu unakatika. Haupungui polepole, unakatika kama uzi. Panabaki ukali wa pilipili manga na uchungu mwembamba pembeni mwa ulimi, na ukishameza kabisa, tangawizi inapanda kooni.

"Humu kuna tangawisi," jirani akasema, akacheka, akasogeza glasi yake iongezwe.

Mimi nilibaki na ule utamu uliokatika, kwa sababu hapo ndipo bia hii inapoeleweka. Watu wengi wakionja sezoni huzungumzia viungo. Viungo ni mapambo. Kiini chake ni ukavu, na ukavu huo haukuletwa na mtu wa kiwandani aliyetaka kufurahisha walevi wa mjini. Uliletwa na shida ya mkulima.

Hainaut, mkoa wa kusini-magharibi mwa Ubelgiji unaopakana na Ufaransa, ni nchi ya mashamba. Zamani mashamba makubwa ya huko yalipika bia yake yenyewe, na yalipika wakati wa baridi. Kiangazi hakikufaa: hewa ya joto hujaa vijidudu vinavyoichachusha bia, na mikono yote ilihitajika kwenye mavuno. Wakati wa baridi kazi zilikuwa chache, shayiri imo ghalani, na machicha yanayobaki baada ya kukamua kimea walipewa ng'ombe waliofungiwa zizini. Lakini bia iliyopikwa Januari au Februari ilipaswa kumfikia mvunaji Julai na Agosti ikiwa hai, na friji haikuwapo. Sasa bia huharibiwa na nini? Na sukari iliyobaki ndani yake. Sukari ni chakula, na chakula kikiachwa bila mlinzi, kuna mgeni atakayekuja kukila. Bia ambayo chachu yake imeshakula karibu sukari yote haina cha kumpa mgeni. Ongeza na hopsi, ambazo uchungu wake huzuia uharibifu, umepata bia inayovuka miezi. Mvunaji naye akipewa kitu kilichokauka namna hiyo, kiu yake inakatika; angepewa kitamu angetaka maji ya kushushia.

Nililelewa Kilimanjaro, kwa hiyo jambo hili nalielewa kwa upande wake wa pili. Mbege haisubiri mtu. Ndizi zilizoiva na kuchemshwa, ulezi uliooteshwa ukasagwa, ganda la msesewa la kuitia uchungu, na siku ikiwa tayari, watu wanaitwa siku hiyo hiyo. Kesho yake ni nyingine, keshokutwa ni ya wenye matumbo magumu. Bibi yangu alikuwa akichovya kidole tu, anakwambia kama inywewe leo mchana au jioni. Utamu ule mzito wa mbege ndio uhai wake, na ndio unaoiharakisha kwenda. Wakulima wawili, wa mlimani kwetu na wa Hainaut, wote walipika kwa nafaka na kitu kichungu. Mmoja alipikia siku, mwingine alipikia msimu. Kila ninapoionja sezoni nausikia huo umbali wa miezi sita ndani yake.

Chachu inayofanya kazi hiyo ya kuimaliza sukari ina tabia zake. Bia za kawaida tunazozijua, zile nyepesi za baridi, huchachushwa kwenye nyuzi 10 hivi. Chachu ya Dupont, kwenye kijiji cha Tourpes, huachwa ipande kupita nyuzi 30. Wapishi wa bia wanaoijua chachu hii husema ina kawaida ya kusimama njiani, sukari ingali nyingi, ukadhani imekufa. Mwenye pupa huongeza chachu nyingine ya haraka. Mwenye subira huitunzia joto na kungoja, hata wiki kadhaa, mpaka imalize. Na katika joto lile hutoa manukato yake yenyewe: matunda, karafuu kidogo, na pilipili manga ambayo hakuna aliyeitia.

Hili la mwisho ndilo lililonifanya niwe na wasiwasi na Wamarekani. Kwenye Hennepin wanatia tangawizi, giligilani, ganda la chungwa, na zile mbegu kali za Afrika Magharibi, ndugu wa iliki, ambazo Wazungu wa zamani waliziita mbegu za peponi. Niliogopa kukuta chai ya viungo iliyotiwa kilevi. Jina lenyewe halikunituliza. Padri Louis Hennepin alizaliwa mwaka 1626 mjini Ath, huko huko Hainaut, na aliyaona maporomoko ya Niagara mwaka 1678. Alipoyaandikia Ulaya aliyatia chumvi: katika kitabu chake cha 1697 alisema yanazidi futi 600, wakati hayafiki hata 200. Nikajiuliza kama bia nayo itakuwa imerefushwa hivyo.

Haikuwa hivyo, na nadhani sababu iko kwa walioianzisha. Don Feinberg na Wendy Littlefield walikuwa waagizaji wa bia za Ubelgiji kabla ya kuwa na kiwanda, na Saison Dupont ilikuwa mojawapo ya mizigo yao. Walipofungua Ommegang mwaka 1997 waliifungua kwenye ardhi iliyokuwa shamba la hopsi. Katika karne ya 19 jimbo la New York ndilo lililoongoza Marekani kwa zao hilo, na wilaya ile ya Otsego ilikuwa kitovu chake. Tangu 2003 kiwanda kiko mikononi mwa Duvel Moortgat, Wabelgiji wenyewe. Watu walioshika chupa za asili kwa miaka mingi, wakazifungua, wakazinywa, wanajua kipi kikiondoka bia imeondoka. Waliongeza viungo, lakini ukavu hawakuugusa.

Tukafungua Dupont. Tofauti ni ya kweli na sitaifunika. Hii ni kavu zaidi, ina uchungu mpana wa hopsi na povu lisilotaka kutulia. Pilipili yake haina mahali pa kuishika. Imeenea kote, kama harufu ya mvua. Kwenye Hennepin kila kiungo unaweza kukinyooshea kidole: hii giligilani, hili chungwa, hii tangawizi. Chachu ya Tourpes inanong'ona, ya Cooperstown imepewa wasaidizi wa kusema maneno yale yale kwa sauti. Nikiambiwa nichague moja tu, nachukua Dupont. Lakini jirani alichagua Hennepin bila kusita, na sababu yake niliipenda: "Hii nyingine inanifukuza. Hii inanikaribisha."

Lawama yangu kwa Wamarekani si viungo, ni nguvu. Hennepin ina asilimia 7.7 ya kilevi. Dupont ina 6.5, nayo tayari imepanda juu ya zile za zamani, ambazo zilikuwa nyepesi, maana hakuna mwenye shamba anayemlevya mtu aliyeshika mundu. Bia iliyokauka huficha nguvu yake. Hakuna utamu wa kukutahadharisha. Unakunywa kama mvunaji, na huna shamba la kurudia. Ningetamani waifanye ya asilimia 4, yenye chachu ile ile na tangawizi ile ile, ya kunywewa saa sita mchana watu wakiwa na jasho. Hiyo ningeipangia foleni.

Mdogo wangu alikuwa ameleta samaki wa kukaanga na ndizi. Kwenye mafuta yale Hennepin ilipanda daraja: kila funda likafagia ulimi, na tangawizi iliyokuwa peke yake kooni ikapata mwenzake. Tulikula kimya kwa muda. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba za jirani na mbu wameanza.

Chini ya chupa hubaki tope jembamba, chachu iliyomaliza kula na kulala. Mdogo wangu alitaka kulimwaga kwenye majani. Jirani akamshika mkono, akaizungusha chupa mara tatu taratibu, tope likapanda likachanganyika, akamimina lile funda la mwisho lenye rangi ya uji kwenye glasi, akaisukuma mezani mpaka mbele yangu.

"Machicha ni ya mkubwa," akasema.