Kola ya Padre Barabarani: Ivaliwe kwa Faida ya Nani?

Barabara ya vumbi itokayo Nangurukuru kwenda Liwale hupita Njinjo, kata ya wakulima kando ya Mto Matandu, wilayani Kilwa. Padre anayepita huko kwa pikipiki wakati wa kiangazi, akiwa ndani ya kanzu nyeupe, atafika aendako ikiwa imegeuka nyekundu kuanzia magotini kushuka chini. Aliyeizoea njia hukunja kanzu akaitia begini, akavaa suruali ya kawaida na shati lenye kola. Kola yenyewe ni kipande cheupe cha plastiki, kirefu kama kidole, kinachochomekwa mbele ya shingo. Jua likizidi, hakuna kinachovuliwa haraka kuliko hicho. Kinachomolewa, kinatumbukizwa katika mfuko wa shati, na padre anabaki abiria kama abiria wengine.

Je, ana haki ya kukichomoa?

Kwa asiye Mkatoliki swali hilo laweza kuonekana dogo. Ndani ya Kanisa limebishaniwa kwa karne nyingi. Mwaka 428 Papa Selestini wa Kwanza aliwaandikia maaskofu wa sehemu ambayo leo ni kusini mwa Ufaransa, akiwakemea viongozi wa dini walioanza kujipambanua kwa mavazi ya pekee. Alitaka watambulikane kwa mafundisho na mwenendo wao, si kwa nguo. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mwaka 1551, Mtaguso wa Trento ulikubali kwamba vazi halimfanyi mtu kuwa mtawa, lakini papo hapo ukaagiza makleri, yaani watu wenye daraja takatifu, wavae mavazi yanayolingana na daraja lao na kutaja adhabu kwa watakaokaidi. Tangu hapo Kanisa limekuwa likiyasema yote mawili kwa pumzi moja: nguo si utakatifu, ila nguo ivaliwe.

Sheria inayotumika leo ni kanuni ya 284 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Inamtaka kleri avae vazi la kikanisa linalofaa, kwa kufuata taratibu za Baraza la Maaskofu la nchi yake na desturi halali za mahali. Mwongozo wa Huduma na Maisha ya Mapadre, uliotolewa na Vatikano mwaka 1994 na kuhaririwa upya mwaka 2013, ulikaza zaidi: padre asipovaa kanzu, vazi lake liwe tofauti na la walei, na desturi iliyo kinyume cha hapo isihesabiwe kuwa desturi halali. Mashemasi wa kudumu, ambao wengi wao wana ndoa na kazi za kawaida, hawabanwi na sharti hilo. Kwa hiyo kwenye karatasi jibu lipo. Kinachobaki ni namna ya kulitekeleza mahali kama Kilwa, na hapo ndipo maneno "desturi halali za mahali" yanapopata uzito.

Mahali penyewe pana sura yake. Pwani ya Lindi ni nchi ya Waislamu walio wengi, na dini huko haifichwi kabatini. Mwanamume hutoka na kofia yake asubuhi bila kuulizwa, mwanamke hutoka na baibui au mtandio, na Ijumaa kanzu hujaa barabarani. Hoja inayosikika Ulaya, kwamba imani ni jambo la faragha na padre asiwabughudhi watu kwa vazi lake, haina wa kuisema hapa. Mzee wa Kiislamu akikutana na kijana mwenye kola atamwitikia salamu kwa adabu zote, na watoto watampa shikamoo kama wanavyompa sheikh. Jirani hasumbuliwi na vazi la padre. Angemshangaa zaidi mtu wa dini anayejificha.

Wala kanzu ya padre haikuja pwani kama nguo ya ajabu. Kardinali Lavigerie alipoanzisha shirika lake la wamisionari mjini Algiers mwaka 1868, aliwavika mavazi ya Waislamu wa Afrika Kaskazini: kanzu nyeupe, joho jeupe na kofia nyekundu, kisha akawaongezea rozari shingoni. Ndiyo maana wakaitwa Mapadre Weupe. Msafara wao wa kwanza ulipopita Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1878 kuelekea bara, mtu wa pwani aliyewatazama kwa mbali angeweza kudhani ni wasomi wa Kiislamu. Kola nayo haina asili ya Kikatoliki tupu. Wengi huihusisha na Donald McLeod, mchungaji wa Kipresbiteri wa Scotland katika karne ya 19, na leo wachungaji wa Kilutheri na makasisi wa Kianglikana huivaa vilevile. Kusini mwa Tanzania, ambako Waanglikana wamekuwapo Masasi tangu 1876, abiria akiona kola hawezi kuapa kwamba aliyeivaa ni Mkatoliki. Anachojua ni kwamba huyu ni mtumishi wa Kanisa, na akiwa na shida anaweza kumsogelea.

Wanaotaka padre avae kama raia wana hoja tatu, na hakuna hata moja ya kupuuzwa.

Ya kwanza ni usalama, nayo ina makaburi yake. Mwishoni mwa Julai 1905 Vita vya Majimaji vililipuka Nandete, katika vilima vya Umatumbi, ndani ya Kilwa ya leo. Tarehe 14 Agosti, Askofu Kasian Spiss, Mbenediktini aliyekuwa akisafiri kutoka Kilwa kuelekea bara, aliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Si nguo iliyowaua. Watu walikuwa wamechoshwa na kazi ya shuruti katika mashamba ya pamba na kodi ya watawala wa Kijerumani, na machoni pa wapiganaji Mzungu mwenye kanzu na Mzungu mwenye bunduki walikuwa wa upande mmoja. Vazi takatifu lilikuwa limeshasomwa kama vazi la watawala.

Zanzibar iliongeza majeraha ya karibu zaidi. Siku ya Krismasi mwaka 2012 Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi akajeruhiwa. Tarehe 17 Februari 2013 Padre Evaristus Mushi aliuawa kwa risasi mbele ya kanisa, Jumapili, alipokuwa akienda kuadhimisha Misa. Septemba mwaka huohuo Padre Anselmo Mwang'amba alimwagiwa tindikali. Lakini katika orodha hiyohiyo yumo Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, aliyemwagiwa tindikali Novemba 2012 akifanya mazoezi alfajiri. Mtu hafanyi mazoezi kwa joho na kilemba. Aliyekusudia kumdhuru hakuhitaji vazi ili amtambue, na padre anayesalisha kanisa lilelile kila Jumapili hafichiki kwa kubadili shati. Kuvua kola kunaweza kumsaidia katika ghasia za ghafla barabarani. Dhidi ya mtu aliyekwisha kumlenga, hakumsaidii.

Hatari ikiwa ya kweli, Kanisa lenyewe limeshawahi kuvua. Mexico ilipopiga marufuku mavazi ya dini hadharani katika sheria kali za 1926, Mjesuiti Miguel Pro alizunguka akijigeuza sura na nguo ili awafikishie watu sakramenti, hadi alipouawa kwa risasi Novemba 1927. Uturuki ilipopitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1934, mwakilishi wa Papa aliyekuwa Istanbul alivaa suti na kuendelea na kazi. Jina lake Angelo Roncalli. Mwaka 1958 akawa Papa Yohane wa Ishirini na Tatu. Hakuna aliyesema upadre wake ulipungua. Tanzania, hata hivyo, haina sheria kama hiyo, na padre wa Kilwa hawezi kuazima udhuru wa Mexico ili aukwepe ubanaji wa kola wakati wa joto.

Hoja ya pili ni ukaribu. Kola, husemwa, huwaweka watu mbali: vijana hunyamaza ikipita na mazungumzo hubadilika. Nchini Kenya, Padre Paul Ogalo wa Jimbo la Homa Bay, maarufu kama Sweet Paul, aliwavuta vijana kwa muziki wa rap, akivaa kama wao, mpaka askofu wake alipomsimamisha mwaka 2018. Waliompenda walisema aliwafikia watoto ambao mahubiri hayakuwafikia. Huenda ni kweli. Ila hoja hii ina kasoro moja: inachukulia kwamba padre ni mgeni asiyejulikana. Kijijini si hivyo. Padre akilala siku mbili kigangoni, yaani kwenye tawi la parokia, kijiji kizima kinamjua kwa jina, kwa pikipiki yake na kwa anavyocheka. Akishika jembe pamoja na waamini kwa fulana iliyochakaa, hakuna anayedanganyika wala kukwazika.

Na hapa ndipo mazoea yanapokuwa kichekesho. Padre huvaa kola kigangoni, ambako hata mbuzi wanamfahamu, kisha akipanda basi la Dar es Salaam anaichomoa, mahali ambapo hakuna anayemjua. Ilipasa iwe kinyume. Kola ni kama kibao cha zahanati kando ya barabara: hakikuwekwa kwa ajili ya mganga, kimewekwa kwa ajili ya mgonjwa mgeni. Basi likipinduka kwenye barabara ya Kibiti kwenda Lindi, majeruhi Mkatoliki atamjuaje wa kumwomba mpako wa wagonjwa? Ndugu anayeuguza mama yake katika hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, maili nyingi kutoka parokia yake, atamsimamisha nani pale koridoni? Mtu aliyekaa miaka kumi bila kuungama hatapiga simu ofisi ya paroko kuomba miadi. Akimwona padre kituoni Nangurukuru akisubiri gari, huenda akapata ujasiri wa kusema "Tumsifu Yesu Kristo," na mengine yakafuata.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo husemwa kwa sauti ya chini: vazi limekuwa la manufaa kwa mvaaji. Kola husogezwa mbele ya foleni. Askari wa barabarani akiiona huweza kupunga mkono gari lipite. Kwenye msiba hupata kiti na sahani ya kwanza. Kwenye jukwaa la siasa humpa mgombea baraka ambazo Kanisa halikumpa. Sheria za Kanisa zenyewe zimeliona hilo: kanuni ya 286 inawakataza makleri kufanya biashara bila ruhusa, na ya 287 inawazuia kushika nafasi hai katika vyama vya siasa. Padre anayevaa kola kwenda kupigania bei ya kiwanja anatumia mali ya wote kwa haja yake. Wahenga waliuona uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Dawa ya hilo si kulivua vazi. Vazi hilohilo lina uwezo wa kumbana mvaaji, kwa sababu anayejulikana anahesabiwa. Mwenye kola hawezi kumtukana kondakta kisha akapotea katika umati, wala hawezi kukaa baa hadi usiku wa manane akatumaini habari haitafika parokiani. Na vazi laweza kubeba gharama badala ya faida. Kinshasa, tarehe 31 Desemba 2017, Wakatoliki walipoandamana kudai uchaguzi, watumikiaji walikamatwa wakiwa na mavazi yao ya altareni. Siku hiyo kanzu haikumpisha mtu foleni. Ilimpeleka mbele ya askari.

Masista nao wana somo la kufundisha katika jambo hili. Sista wa kusini hupanda bodaboda na shela lake, huenda sokoni nalo, huuguza nalo, hulima nalo, katika joto lilelile na vumbi lilelile. Hakuna makala zinazoandikwa kuuliza kama wavae au wasivae, na wao hawaombi ruhusa ya kuvua kwa kuwa safari ni ndefu. Ikiwa mwanamke mtawa anaweza kutambulika kuanzia Ndanda hadi Kilwa Masoko, mwanamume mwenye daraja takatifu atatoa udhuru gani? Hata askofu wa huko, Wolfgang Pisa wa Jimbo la Lindi tangu 2022, ni Mkapuchini, na Wakapuchini wana kanzu yao ya kahawia na kamba yenye mafundo matatu. Yeye pia ndiye aliyechaguliwa Juni 2024 kuwa Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, chombo ambacho kanuni ya 284 inakipa mamlaka ya kuweka taratibu za mavazi.

Kipimo kilicho rahisi, basi, ni kuuliza nani anafaidika. Pale ambapo mgeni, mgonjwa, mfiwa au mwenye dhambi anaweza kumhitaji padre, kola ivaliwe: ndani ya basi, hospitalini, gerezani, msibani, kituoni. Pale ambapo padre yuko shambani, baharini akiogelea au njiani juu ya pikipiki katika vumbi, avae kinachofaa kazi na awe na kola mfukoni tayari. Na pale ambapo anayefaidika ni padre mwenyewe, kwenye foleni, kwenye biashara, kwenye kampeni, asiivae. Na huenda asiende kabisa.

Utaratibu wa namna hii hauhitaji kitabu. Ukurasa mmoja wa Baraza la Maaskofu, ukisomwa makanisani ili walei nao waujue, ungetosha, pamoja na mashati ya pamba nyepesi ya mikono mifupi, ambayo akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, katika parokia yoyote wanaweza kuyashona kwa hali ya hewa ya Kilwa. Waamini nao watimize sehemu yao: wakimwona padre mwenye kola benki au zahanati, wamsalimie kwa heshima, kisha wamwache asubiri zamu yake kama wengine.