"Unasikia Sauti?"

Napinga swali moja. Linaulizwa kwa Kiswahili katika vyumba vya madaktari hapa Bujumbura, na kuna watoto wanaopewa dawa kali kwa sababu ya jibu lake. Swali lenyewe ni hili: "Je, unasikia sauti?"

Daktari huliuliza kwa Kifaransa, akitaka kujua kama mgonjwa anasikia watu wakisema naye hali watu hao hawapo. Muuguzi analigeuza kwa Kiswahili. Lakini kwetu sauti ni ya mtu, ni ya ngoma, ni ya injini, ni ya mvua juu ya bati. Swali linamfikia mgonjwa likiwa limepoteza kiini chake njiani. Mtu wa kawaida huelewa tu, kwa kuwa anausoma uso wa anayemwuliza na anajua ameketi mahali gani. Mtoto mwenye hali ya Asperger ni vigumu kuusoma uso huo. Anajibu maneno aliyoulizwa, basi.

Mwanangu ana miaka 13. Tunakaa Buyenzi, na anayeijua Buyenzi anajua mafundi wake wa magari: nyundo, mashine za kuchomelea, honi zinazojaribiwa kutwa nzima. Mbele ya nyumba yetu kuna nguzo yenye transfoma inayovuma. Mimi siisikii mpaka nikae kimya niitafute. Yeye inamwamsha usiku. Siku tuliyokwenda hospitali aliulizwa hivi, nami nilikuwapo:

"Unasikia sauti?"

"Ndiyo."

"Hata ambazo wenzako hawazisikii?"

"Ndiyo."

"Zinakuja hata usiku?"

"Usiku ndiyo zaidi."

"Zinakusumbua?"

"Sana."

Majibu manne, yote ya kweli. Nilipotaka kusema habari za transfoma niliambiwa, "Mama, mwache mtoto ajieleze." Tukatoka na haloperidoli. Siku ya pili jioni shingo yake ilipinda upande, macho yakageukia juu, hawezi kuyashusha. Muuguzi wa zamu ya usiku aliitambua hali hiyo mara moja kuwa ni madhara ya dawa, akamdunga sindano, na baada ya muda shingo ikarudi. Sisemi dawa ile haina kazi. Ina kazi yake kwa mgonjwa wake. Nasema hakuna aliyeuliza, "Sauti ya nini?" Maneno matatu hayo yangetosha.

Wanaonipinga wana hoja yao, nami nimeisikia tangu mtoto akiwa mdogo. "Lakini mama, mbona anazungumza peke yake?" Ndiyo, anazungumza. Anarudia matangazo ya mpira ya redioni, kwa Kifaransa, dakika kwa dakika, pamoja na kukohoa kwa mtangazaji. Akichoka na watu anajifungia humo kama wengine wanavyojifungia katika tasbihi au katika sigara. Jirani husema akili nyingi huondoa maarifa. Shangazi yake alileta kombe kutoka kwa shehe. Mlokole wa nyumba ya tatu alitaka tumpeleke kwenye maombi ya usiku. Kombe alilinywa, halikumdhuru. Maombi nilikataa, si kwa ajili ya dini, ila kwa ajili ya vile vipaza sauti.

Hoja nyingine ni nzito zaidi. Aliwahi kusema, "Watu wa barabara ya pili wanajua ninachofikiri." Sentensi hiyo ukiitia katika faili, faili linafungwa: huyu ana saikosisi, amepoteza mpaka kati ya yaliyomo kichwani na yaliyo nje. Nami nilitetemeka nilipoisikia. Nikamwuliza wamejuaje. Akanieleza kwamba mvulana mmoja alichukua daftari lake, lile anamoandika namba za magari na mambo yake mengine, akasimama barabarani akalisoma kwa sauti kubwa. Kwa hiyo walijua kweli anachofikiri. Mtoto anayechekwa kila siku akikuambia kwamba watu wanamcheka, hajaanza wazimu, amekupa habari.

Kuchanganya mambo haya mawili si ujinga wa Bujumbura peke yake. Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, ndiye aliyetunga neno skizofrenia, na ndiye huyo huyo aliyetunga lile ambalo kwa Kiswahili tunaliita usonji. Kwake usonji ulikuwa dalili mojawapo ya skizofrenia. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1968 ulikuwa bado unawaweka watoto wa namna hii chini ya skizofrenia ya utotoni, na mpaka 1980 ndipo ulipotenganisha. Hans Asperger aliandika habari za watoto wake huko Vienna mwaka 1944, lakini jina lake halikuenea mpaka Lorna Wing wa Uingereza alipolitumia mwaka 1981. Bibi huyo alikuwa daktari wa akili, tena mama wa binti mwenye usonji. Mwongozo ule uliliondoa jina la Asperger mwaka 2013, ukaliingiza katika usonji kwa jumla. Mimi bado nalitumia kwa sababu ndilo tulilopewa, na mwanangu hapendi vitu vibadilishwe majina.

Sasa nawageukia wazazi wenzangu, maana nao nina ugomvi nao. Wako wanaosema, "Ni Asperger tu, hakuna kingine." Si kweli. Mtoto mwenye usonji anaweza kupatwa na saikosisi kama mtu mwingine yeyote. Wakati wa mvua za mwaka huu mwanangu aliacha kuandika namba za magari. Usiku tatu hakulala. Alikataa maji ya dumu, akasema kuna mtu ametia kitu ndani, na nilipomwuliza ni nani, nani kamwona, lini, hapakuwa na daftari wala transfoma mwisho wa maswali yangu. Hapo hapakuwa na mtoto ninayemjua. Nilimpeleka kwa daktari mwingine asubuhi ile ile. Huyu aliniuliza kwanza mimi: kwa kawaida yukoje, kimebadilika nini, tangu lini, baada ya nini. Akampa dawa kidogo ya usingizi, akatutaka turudi kila wiki. Hali hiyo hajaipa jina, nami simharakishi. Maji anakunywa tena, lakini ya chupa iliyofungwa, anayoifungua mwenyewe.

Tofauti iko hapo: mtoto apimwe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, asipimwe na mtoto wa jirani. Na wa mwezi uliopita anajulikana na aliyemlea, si na faili.

Kwetu sisi tunaosoma Kiswahili chuoni kuna kazi hapa ya kufanya kabla ya tasnifu zetu juu ya methali. Wauguzi wanatafsiri maswali haya papo kwa papo, kila mmoja kwa namna yake. Tuwaandikie maswali yaliyo sahihi. Tuanze na hili: "Je, kuna mtu anayesema nawe wakati chumbani hamna mtu?" Na hata hapo muuguzi asiandike haraka. Nimemjaribu mwanangu kwa swali hilo, naye akaniuliza kwanza kama mtangazaji wa redio anahesabiwa kuwa yumo chumbani.