Kidiaba, Mlinda Mlango

Katika mchezo wa mpira hakuna kazi yenye upweke kama ya mlinda mlango. Wenzake kumi wakikosea, yeye yuko nyuma yao. Akikosea yeye, nyuma yake kuna wavu tu. Ndiyo sababu watoto humpeleka langoni yule asiyejua kukimbia, naye huenda amenuna.

Robert Kidiaba Muteba, aliyezaliwa Lubumbashi tarehe 1 Februari 1976, aliipa kazi hiyo sura nyingine. Timu yake ilipofunga bao, naye yu mbali upande wa pili, hakukubali kuwa mtazamaji. Aliketi chini, akanyosha miguu, akaruka-ruka kwa makalio juu ya majani, kishungi cha nywele kikitikisika. Wako wazee walioona kwamba huo ni utovu wa adabu. Mimi siwaungi mkono: mtu ambaye kazi yake ni kuzuia tu, naye ana haki ya kufurahi.

Dunia ilimwona huko Abu Dhabi, Desemba 2010. TP Mazembe iliishinda Pachuca ya Meksiko 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Tarehe 18 Inter ya Milano ilishinda 3-0, na siku hiyo hapakuwa na la kurukia. Lakini wanaokumbuka makalio wasisahau mikono: Wabrazili walishambulia sana, na mipira ya hatari ikaishia kwake.

Kwa taifa pia alidumu. Mwaka 2009 alikuwa langoni Kongo ilipoilaza Ghana 2-0 mjini Abidjan na kutwaa kombe la kwanza la wachezaji wa ligi za nyumbani. Mwaka 2013, huko Afrika Kusini, tulikuwa nyuma ya Ghana hiyo hiyo kwa mabao mawili, tukasawazisha. Naam, akaruka tena. Februari 2015, siku chache baada ya kutimiza miaka 39, alisimama mbele ya mikwaju ya penalti ya Guinea ya Ikweta. Kongo ikashinda 4-2, ikapata nafasi ya tatu barani. Ndipo akaiaga timu ya taifa.

Kutoka Mangina hadi Lubumbashi ni mbali kuliko Kampala, na wengi wetu hatujafika huko. Hata hivyo jina lake halihitaji kufafanuliwa kwetu. Desemba 2018 watu wa Haut-Katanga walimchagua kuwa mbunge wa jimbo lao. Sisi wa Beni na Butembo tuliambiwa tungoje hadi Machi 2019, kwa sababu ya vita na ya Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia hapa hapa Mangina. Kura yetu ya rais haikupigwa kamwe. Lakini mtoto wa hapa akidaka mpira wa matambara, bado huwasikia wenzake wakimwita Kidiaba.