Mwanasarakasi Si Mtu wa Kuhurumiwa

Kaa baraza yoyote ya Mji wa Kale wa Mombasa, Kibokoni au Mkanyageni, useme kwamba kijana wa fulani siku hizi anafanya sarakasi. Watu watamsikitikia mama yake. Utaambiwa ni mchezo wa kuwafurahisha wazungu mahotelini, kimbilio la aliyeshindwa na shule, jambo lisilo na asili kwetu wala heshima katika dini. Nimeyasikia haya kwa watu ninaowaheshimu, na bado nasema hayana msingi.

Nianze na dini, maana ndiyo hutangulizwa. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa ngao na mikuki msikitini kwa Mtume, naye akamsitiri Bi Aisha ili atazame mpaka atosheke. Walikuwa Waafrika, majirani zetu wa kaskazini, wakionyesha ustadi wa viungo vyao, na hawakufukuzwa. Kule Morocco wapo wanasarakasi wanaojinasibisha na walii, Sidi Ahmed u Musa. Mnara wao wa watu waliobebana mabegani ulifika majukwaa ya Ulaya tangu karne ya 19. Mavazi na muziki wa hotelini vina hukumu zake, na wenye elimu wavizungumze. Lakini hayo ni mambo ya mavazi na muziki.

Na asili je? Philip Astley alipofungua uwanja wake London mwaka 1768, kivutio kilikuwa farasi na wapanda farasi. Waruka hewani na wachekeshaji aliwaongeza baadaye. Basi kama kuna kilicho cha Mwingereza hapo, ni ule uwanja wa mviringo. Kuufunza mwili hakuna mwenyewe. Sisi wenyewe hupiga vigelegele arusini vijana wanapocheza kirumbizi, fimbo zikigongana karibu na uso, na hakuna anayeuliza kama wachezaji walimaliza shule. Jirani zetu Tanzania walilichukulia jambo hili kwa uzito zaidi: mwaka 1965 serikali ya Mwalimu Nyerere ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, na waliporudi mwaka 1969 likaundwa kundi la taifa. Mpaka leo sarakasi hufundishwa chuoni Bagamoyo.

Linaloniudhi zaidi ni dai kwamba kazi hii haitaki akili. Utazame mnara wa watu kwa makini. Aliye chini hutanua miguu na kukunja magoti kidogo. Anayepanda hakanyagi katikati ya paja, mahali pa kuteleza. Hukanyaga juu, karibu na nyonga, kisha begani, nyayo zikiibana shingo ya mwenzake ili uzito ushukie mifupani. Akishasimama, si yeye anayetafuta mizani. Hiyo ni kazi ya aliye chini. Wa juu hujikaza asitikisike, kwa sababu akianza kujirekebisha mwenyewe wote wawili huporomoka. Kumwachia mtu mwingine maisha yako namna hiyo hufunzwa kwa miaka, na kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Watanzania wawili wanaojiita Ramadhani Brothers waliifikisha kanuni hiyo pasipo kifani: mmoja husimama kichwa chini juu ya kichwa cha mwenzake, pasipo mkono wa kumshika. Februari 2024 walishinda America's Got Talent: Fantasy League, mbele ya mabingwa wa shindano hilo wa miaka iliyotangulia.

Lipo neno la wapinzani ninalolikubali. Kazi hii haina dhamana. Mwaka 2020, corona ilipozifunga hoteli za Bamburi, Shanzu na Diani, vijana walibaki bila kitu. Na anayevunjika mkono leo, kesho hana ujira. Lakini hapo kibaya ni mkataba. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, makuli wa bandari wakiwemo, waligoma kudai malipo ya haki. Hatukupata funzo kwamba kupakua meli si kazi ya maana. Tulijifunza kwamba mfanyakazi alipwe.

Kaunti iwape vijana hawa ukumbi wenye magodoro ya kufanyia mazoezi, badala ya kuwaacha warukie mchangani na kwenye saruji. Mwenye hoteli aandike mkataba unaogharimia matibabu. Nawe ukiwakuta kwenye bustani ya Mama Ngina jioni ya Jumapili, usitazame bure kisha ukageuka chombo cha mchango kinapokufikia. Watazame mpaka mwisho, uwalipe, na ukirudi barazani uwataje kwa jina la kazi yao.