Eti Udongo ni wa Watoto?

Hapa shuleni nachekwa eti mtu wa kidato cha tatu bado anafinyanga askari wa udongo. Sikubali! Nilianza na vita vya Chetambe, kule karibu na Webuye, mwaka 1895: Wabukusu ndani ya ngome, nje jeshi la Waingereza likiongozwa na Hobley. Wa ndani niliwapaka masizi, wa nje chokaa. Wazungu, si ndiyo? Kisha nikataka kujua mavazi yao, nikaenda maktaba ya mjini. Lo! Wengi wa hao wa nje walikuwa Wasudani, Waganda na Wamaasai. Mtihani haujawahi kuniuliza hilo, brashi iliniuliza. Jana nilikesha nikikwangua chokaa, na bado nusu yao sijawagusa.