Maabara ya kompyuta ianze na muhogo

Mhariri,

Katika vyuo vingi vya ufundi, mwanafunzi wa kilimo huijua stomata, vile vitundu vya jani, kwa mchoro wa ubaoni tu. Hadubini, ikiwepo, ni moja, na kipindi humalizika kabla nusu ya darasa haijachungulia. Hapo ndipo maabara ya kompyuta, yaani majaribio ya kuigiza kwenye skrini, inapofaa.

Mfano ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo, ulioelezwa kitaalamu mwaka 1936 huko Amani, Tanga. Shina na majani huweza kuonekana mazima huku ndani ya muhogo mna madoa ya kahawia, makavu na magumu. Virusi vyake huenezwa na inzi weupe pamoja na pingili zilizoambukizwa. Kuufuatilia shambani huchukua miezi, na mwalimu makini hawezi kupanda pingili zenye ugonjwa jirani na mashamba ya wanakijiji. Kwenye kompyuta, miezi hiyo inaweza kupita kwa dakika: mwanafunzi anapanda, anaongeza inzi, anakata muhogo, anaona.

Kazi za mikono kama kubebesha mwembe, hata hivyo, zibaki kwa kisu na mti halisi.

Mfano wa kuigwa upo: Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, kilianzisha PhET, mradi wa majaribio ya kompyuta, mwaka 2002. Baadhi ya majaribio yake yana Kiswahili na hufanyika bila intaneti. Mengi ni ya fizikia na kemia. Wizara ya Elimu iwaite watafiti wa muhogo wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) na walimu wa vyuo, watengeneze majaribio ya mimea, kwa Kiswahili.

Msomaji,
Morogoro